Kwa Teksi hadi Bonde la Luapula

Mto Luapula si maarufu miongoni mwa wasomaji wetu, ijapokuwa maji yake ya kwanza huanza kuchuruzika si mbali na mpaka wetu wa kusini-magharibi. Mto Chambeshi, ambao mabingwa wa jiografia huuhesabu kuwa ndio chimbuko la mbali kuliko yote la mto Kongo, huzaliwa katika vilima vya kaskazini-mashariki ya Zambia, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Ndipo penye mto huo, mnamo Novemba 1918, jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, ambalo wengi wa askari wake walikuwa babu zetu, lilipopata habari kwamba vita vimekwisha Ulaya. Chambeshi hujimwaga katika vinamasi vya Bangweulu, na maji yanayotoka upande wa pili ndiyo yanayoitwa Luapula. Huteremka kwanza kusini, kisha hupinda magharibi na kaskazini kama mtu aliyekumbuka kitu alichokiacha nyumbani. Hugawa Zambia na Kongo, huingia katika Ziwa Mweru, na kutoka humo kwa jina la Luvua. Mwisho wake ni bahari ya Atlantiki. Livingstone alikufa akitumaini kwamba ni Naili.

Mkoa mzima umechukua jina la mto huo. Makao yake makuu ni Mansa, mji ulioitwa Fort Rosebery zama za Waingereza. Ukiwa Lusaka au katika miji ya shaba, ukisema unakwenda Luapula watu hukutazama kwa huruma kidogo, kana kwamba umepewa uhamisho. Lakini mkoa huo hauko mbali hivyo kwa jinsi ardhi ilivyoumbwa. Tazama ramani. Ardhi ya Kongo imejipenyeza ndani ya Zambia kama kabari, ikatenga miji ya shaba na Luapula. Kabari hiyo ilitokana na mipaka iliyokatwa Ulaya baina ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyotiwa saini mwaka 1894. Kwa hiyo Mzambia wa Mufulira anayetaka kufika Mansa kwa njia ya mkato, hana budi kutoka nchini mwake, kupita kiasi cha kilomita 70 katika nchi ya watu, kisha kuingia tena nchini mwake pale Chembe. Kwa miaka mingi pale Chembe palikuwa na pantoni tu. Daraja lilifunguliwa mwaka 2008 na kupewa jina la Rais Levy Mwanawasa. Asiyetaka adha za mipaka huzunguka kusini kupitia Serenje, safari ya siku nzima na ushee.

Sisi tutokao Tunduma tuna bahati, maana Serenje iko njiani. Basi kutoka Nakonde hufuata barabara kuu ya kaskazini, sambamba na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kupitia Mpika, hata likakufikisha Serenje. Hapo ndipo msafiri anapopaswa kuamua. Mabasi ya kwenda Samfya na Mansa yapo, wala hayana ubaya. Ila basi ni mtumwa wa lami: hukupitisha mahali penye jambo la kutazamwa kwa kasi ile ile linayokupitisha mahali pasipo na kitu. Na katika Luapula, karibu kila jambo la maana limejificha kilomita kadhaa nje ya lami. Kwa sababu hiyo niliamua kukodi teksi, gari zima, kwa siku nne.

Yafaa nieleze mapatano hayo kwa kirefu, maana wengi wetu tukisikia neno kukodi hudhani ni anasa ya watalii. Watu watatu au wanne wakichangiana, gharama haikimbii sana nauli za basi na za kulala njiani. Tatizo ni kupatana. Kuna namna mbili. Ya kwanza, dereva hutaja bei moja yenye kila kitu ndani yake, pamoja na mafuta. Bei hiyo hupendeza masikioni, nami siipendekezi hata kidogo, kwani tangu hapo kila mchepuko unaoomba ni hasara yake. Ukisema, "Ndugu, tuingie kijiji kile tukaone," utamwona anatazama mshale wa mafuta kabla ya kutazama kijiji. Namna ya pili ni kulipia gari kwa siku, na abiria kununua mafuta mwenyewe. Hapo dereva hana sababu ya kukunyima njia, nawe huna sababu ya kumshuku.

Lakini kuna mtu wa tatu katika mapatano, asiyeonekana, naye ni mwenye gari. Kama ilivyo kwetu, madereva wengi wa teksi huko hawamiliki magari wanayoyaendesha. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, awe amepata abiria au hakupata. Anayekwenda nawe siku nne anadaiwa hesabu nne, na akibaki na kitu baada ya hapo ndicho chakula cha wanawe. Nilipolielewa hilo niliacha kubishania bei ya siku, nikabishania mengine: nani atalipia malazi yake, gari litalala wapi, tairi la akiba lina hali gani, na kama vibali vya gari ni kamili, maana vizuizi vya polisi njiani si vichache. Nusu ya fedha nililipa pale pale, naye akaipeleka kwa tajiri mbele ya macho yangu. Nusu nyingine tulikubaliana iwe mwisho wa safari. Mafuta tuliyajaza hapo hapo Serenje, na ninamshauri kila mtu afanye hivyo.

Dereva wangu alikuwa mtu wa makamo, mzaliwa wa ufuko wa Ziwa Mweru. Tulianza kwa Kiingereza cha kusitasita, kila mmoja akimpima mwenzake. Aliposikia nimetoka Tanzania akacheka, akaanza kusema Kiswahili cha Lubumbashi, alikowahi kufanya kazi ujanani. Kiswahili hicho hukwaruza sikio la mtu wa pwani mara ya kwanza, kisha hulizoea. Tangu hapo akaniita "mzee", nami nikamwita "ndugu dereva", na Kibemba chake akakiweka akiba kwa ajili ya polisi na wauza muhogo.

Mwendo mfupi kaskazini-mashariki ya Serenje barabara ya Samfya huiacha barabara kuu. Hupita kando ya mbuga ya Kasanka, ambamo kila mwaka, Oktoba hadi Desemba, popo walao matunda hukusanyika kwa mamilioni katika kipande kidogo cha msitu. Sisi tulipita Juni. Hapakuwa na popo, bali baridi kali ya asubuhi na moshi wa mioto ya wachoma mkaa. Mbele ya Kasanka tuliiacha lami, tukafuata njia ya vumbi kwenda Chitambo.

Hapo ndipo alipofariki David Livingstone mwanzoni mwa Mei 1873. Kuna nguzo ya mawe yenye msalaba juu, iliyosimamishwa mwaka 1902 mahali palipokuwa na mti wa mpundu, ule ambao sehemu nyingi za nchi yetu huuita mbula. Chini ya mti huo wafuasi wake walizika moyo wake, na Jacob Wainwright akachonga maandishi katika gome. Mwaka 1899 mti uliokuwa umezeeka ulikatwa, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Mtanzania akisimama hapo, huenda fikira zake zisikae sana kwa Mwingereza huyo. Zangu zilikwenda kwa Abdullah Susi na James Chuma na wenzao, ambao walikausha maiti kwa chumvi na jua, wakaifunga katika gome la mti na turubai, wakaibeba mabegani kulizunguka Ziwa Bangweulu, wakavuka Luapula, wakapanda hadi Unyanyembe karibu na Tabora, na kufika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874. Miezi tisa kwa miguu, pamoja na homa. Yule aliyebebwa alizikwa kwa heshima katika Westminster Abbey mwezi wa Aprili mwaka huo huo, lakini Susi na Chuma hawakuwahi hata mazishi. Walipelekwa Uingereza baadaye. Dereva wangu alikuwa amewahi kuleta wageni wengi hapo, naye alistaajabu kusikia kwamba wabebaji walifika baharini. Alidhani walirudi baada ya kukabidhi mzigo njiani. Tulipoyakadiria masafa kwa kipimo cha mafuta ya gari lake, alinyamaza kitambo.

Kutoka Chitambo tulirudi kwenye lami, na baada ya muda ardhi ikaanza kulala chini. Miti ilipungua, ikabaki nyasi, kisha nyasi zikabaki peke yake na maji katikati yake. Daraja refu la Luapula huvuka hapo, na ndilo mlango wa mkoa. Tulisimama upande wa pili. Mto huo, mwezi wa Juni, si mkondo mmoja. Ni mashamba ya maji na mafunjo yasiyo na ukingo unaoonekana, na mitumbwi ikipenya katikati yake kama watu wanaokata njia shambani. Mashariki ya hapo ndipo wanapoishi lechwe weusi, jamii ya kuro, ambao hawapatikani penginepo duniani ila Bangweulu, pamoja na ndege yule wa ajabu, korongo-nyangumi, ambaye hata sisi tunaye katika vinamasi vya Malagarasi.

Samfya ni mji mdogo ulioketi juu ya ukingo wa Ziwa Bangweulu. Jina la ziwa hilo hufasiriwa kuwa ni mahali maji yanapokutana na mbingu, na kwa mara moja jina la mahali halikudanganya. Mchanga wake ni mweupe kama wa Kunduchi, wala sikutazamia kuuona mbali kiasi hiki na bahari. Kuoga sikuoga, mamba hawasomi vitabu vya utalii. Tulikula ubwali wa muhogo na samaki mbichi katika banda la mama mmoja aliyetukaribisha kwa neno "mwaiseni", na asubuhi tukaelekea Mansa.

Mansa sitausemea mengi. Ni mji wa ofisi, maduka na shule, wenye miti mizuri. Kiwanda cha betri kilichojengwa huko wakati wa Rais Kenneth Kaunda, kwa kutumia madini ya manganisi ya mkoa huo huo, kilifungwa katika miaka ya 1990, na watu wa makamo bado hukitaja kwa majonzi. Lakini sokoni nilikuta jambo ambalo akina mama wasomaji wa ukurasa huu watapenda kulisikia. Kuna chakula kiitwacho chikanda, cha rangi ya hudhurungi, kinachokatwa vipande kama keki na kuuzwa sinia kwa sinia. Hutwangwa viazi vidogo vya maua ya okidi za porini, huchanganywa na unga wa karanga, pilipili, chumvi na magadi, hupikwa hata kikashikamana. Ladha yake ni kama ya nyama iliyosagwa, na ndiyo maana wengine huiita soseji ya Kiafrika. Viazi vya Zambia vimepungua kwa kuchimbwa mno, na tangu miaka mingi sehemu kubwa imekuwa ikivushwa kutoka nyanda zetu za juu kusini. Hifadhi ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, ililengwa kwa sehemu kuyaokoa maua hayo hayo. Nilikula kipande kimoja, kitamu kwelikweli, nikajizuia kuagiza cha pili.

Kaskazini ya Mansa barabara hushuka katika bonde lenyewe. Hapa neno "mkoa wa mbali" hupoteza maana, kwa kuwa vijiji havikatiki. Nyumba zimejipanga pande zote mbili za lami maili baada ya maili. Mbele ya kila nyumba muhogo uliolowekwa umeanikwa juu ya mikeka, majani au hata juu ya lami yenyewe, na madereva huukwepa kwa adabu. Upande wa kushoto, nyuma ya migomba na mafunjo, ni mto. Ng'ambo ya mto ni Kongo. Maporomoko ya Mambilima huukata mkondo katikati ya mawe, na kutoka hapo kwenda chini maji hutulia na kutanuka kuwa mabwawa.

Kisha ikaja Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe. Jina hili lilikuwa kubwa katika Afrika ya kati yote. Waasisi wake walikuwa Walunda waliotoka kwa Mwata Yamvo magharibi katika karne ya 18, na kwake zilikutana njia mbili za biashara: ya Wareno wa Tete na ya watu wa pwani yetu. Francisco de Lacerda alifika huko mwaka 1798 na hakurudi. Alikufa kwa maradhi Oktoba mwaka huo. Livingstone alifika Novemba 1867, akamkuta Mohamed bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiarabu aliyekuwa amezuiliwa na mfalme kwa miaka mingi. Na ni kwa Kazembe ambapo Mnyamwezi mmoja, Msiri, aliomba ruhusa ya kuvuka Luapula kwenda Katanga kutafuta shaba. Alipewa. Huko akaanzisha dola yake Bunkeya, akageuza njia za shaba na pembe zisipite tena kwa mwenyeji wake, hata Kazembe akadhoofika. Msiri aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold. Wazee wa bonde wanaifahamu habari hiyo vizuri. Waliponiuliza kama Tabora iko karibu na kwetu, niliona ni busara kujibu kwamba mimi ni mtu wa pwani.

Kila mwaka mwishoni mwa Julai husherehekewa huko Mutomboko, ngoma ya ushindi, ambapo Mwata hucheza akiwa na upanga. Kati ya visa vinavyosimuliwa kimo cha Nachituti. Kakaye, Nkuba, chifu wa Washila waliokuwa wenye maji kabla ya Walunda, alimuua mwanawe. Nachituti akaenda kwa Kazembe kuomba kisasi. Nkuba alipouawa, yeye akampelekea Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, kuwa ishara ya kumpa nchi na maziwa. Nilikisikia kisa hicho kama hadithi. Dereva wangu alikieleza kama hati ya shamba. "Njo vile mzee," alisema, "maji iko na wenyewe."

Umiliki huo wa maji ndio jambo zito kuliko yote katika bonde. Zamani samaki wa fahari hapa alikuwa mpumbu. Kila mvua zilipoanza kukolea mpumbu walipanda mto kwa makundi kwenda kutaga kuelekea Mambilima, wakijaza mkondo, na watu wa kando zote mbili wakiwangojea na nyavu. Migodi ya shaba ilipofunguliwa Katanga, na baadaye upande wa Zambia, wachimba migodi walihitaji kitoweo. Wafanyabiashara, wakiwemo Wagiriki waliokaa Kasenga ng'ambo ya mto, walinunua kila kilichotolewa. Mpumbu walivuliwa wakiwa na mayai tumboni, na mayai yenyewe yakawa bidhaa. Kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Wavuvi wakahamia ziwani na kwa samaki aitwaye pale, jamii ya perege. Naye alipopungua wakageukia chisense, dagaa wa Mweru, wanaovuliwa usiku kwa taa. Kila kizazi kimevua samaki mdogo kuliko wa kizazi kilichotangulia.

Serikali ya Zambia hufunga uvuvi kila mwaka kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaane. Sheria hiyo ni ya haki, lakini mto una kingo mbili. Kwa miaka mingi wavuvi wa upande wa Zambia wamelalamika kwamba wao hukaa na nyavu zilizokunjwa huku wakiona taa za wenzao zikiwaka ng'ambo. Samaki hana pasipoti. Wala ndugu za watu hawana: ukoo mmoja una shamba Zambia na makaburi Kongo, na lugha ni ile ile. Mstari uliochorwa mwaka 1894 unapita katikati ya maji ambayo Nachituti alimpa mtu mmoja katika chungu kimoja.

Tulifika Nchelenge jua likizama. Kashikishi, soko la samaki, limeungana nayo. Mbali ziwani kuna kisiwa kiitwacho Kilwa, jina ambalo lilinifanya niulize mara mbili. Ni cha Zambia ingawa kiko karibu zaidi na Kongo, na ng'ambo uko mji wa jina hilo hilo. Vijana walinishawishi nivuke kwa mashua. Gari halikuwa na kibali cha kuvuka, nami pia sikuwa nacho, kwa hiyo tuliketi ufukoni. Giza lilipoingia taa za wavuvi wa chisense ziliwashwa moja moja hata ziwa likawa kama mji, na katika taa zile hakuna ambaye angeweza kutenga za nchi gani ni zipi.

Dereva alikwenda kumwamkia mama yake mzazi, ambaye hakuwa amemwona tangu msimu uliopita wa uvuvi. Alirudi alfajiri na magunia mawili ya chisense iliyokauka, akaniuliza, kwa heshima, kama mapatano yetu yanamruhusu kuyaweka kwenye buti. Huko Serenje bei yake ingekuwa karibu maradufu, na faida hiyo haikuwamo katika hesabu ya tajiri. Nilimwambia kwamba mimi nimekodi viti, buti sikulitaja. Tulipakia, tukafunga kwa kamba kwa sababu kifuniko kilikataa kushuka, na safari yote ya kurudi gari lilinuka Ziwa Mweru. Katika kizuizi cha kwanza cha polisi askari alinusa, akauliza tunabeba nini, akaelezwa, akatazama kalenda ya ukutani katika kibanda chake. Ilikuwa Juni. Akatupungia mkono tupite.